Mkate wa Sombe Mbele ya Mama Mkwe

Wajukuu zangu, na ninyi vijana mnaotafuta kazi ya jikoni, juzi nilishtuka na mpaka leo sijakaa sawa. Nilikwenda kula pale mtaa wa Kasuku, kwenye kihoteli kipya chenye viti vya plastiki, nikamwona kijana mmoja ameketi meza moja na mama mkwe wake. Wangekuwa wamepishana tu wakasalimiana, ningenyamaza. Walikuwa wanakula! Kijana anang'ata paja la kuku, mama mkwe anamsogezea pilipili, wanacheka. Nikamwuliza binti aliyekuwa anagawa sahani kama macho yangu yananidanganya. Akaniambia, "Baba, njo siku hizi," yaani ndiyo mambo ya sasa. Niliacha wali wangu palepale nikatoka nje kutafuta hewa.

Mtasema mimi mtu wa zamani. Sawa, ni wa zamani. Lakini nina sababu yangu ya kushtuka, na ndiyo nitakayowaeleza. Njiani nitawapa na mambo mawili matatu ya kazi, maana najua kijana akipewa mawaidha matupu husinzia.

Nilipika katika vihoteli vya Kindu wakati wa Wabelgiji, tangu kidevu changu kikiwa na ndevu tatu mpaka wao walipofunga virago. Sikupika kwa Wazungu. Waliopika kwa Wazungu walivaa nyeupe na kutembea wameinua pua, na ukiwauliza chumvi kiasi gani wanakujibu kwa Kifaransa. Sisi tulipikia watu wenye njaa. Kindu ilikuwa mji wa kubadilisha chombo: meli ya mto ikitoka kaskazini inaishia hapo, na garimoshi likitoka Kongolo na Kibombo nalo linaishia hapo. Kila msafiri alishuka na mzigo kichwani na tumbo limeshikana na mgongo. Kati ya bandari na stesheni ndipo tulipokuwa tumejipanga sisi, na moshi wetu.

Siku niliyoingia mjini kutoka kwetu Kama, nilidhani watu wote wamerukwa na akili. Kwetu mtu alikula nyumbani kwake au kwa ndugu yake. Hapa nikaona wanaume kwa wanawake, hawajuani hata majina, wamebanana benchi moja, wanatafuna huku wanatazamana midomo! Nilifunika macho kwa kiganja. Mwanamke mnene aliyekuwa anasonga ugali akaniona, akaangua kicheko.

"Weye mutoto, unaficha macho juu ya nini? Hapa hakuna muntu uchi. Iko kula tu!"

Huyo ndiye Mama Zaina, Mngwana wa Kasongo, Mwislamu wa sala tano, mwenye kihoteli na baadaye mwalimu wangu wa kazi. Alinipa mwiko nikoroge, akaona mkono wangu hauogopi chungu, nikabaki. Banda lake lilikuwa la majani, benchi nne, mafiga mahali patatu, na jiko lenyewe lilikuwa wazi, mbele ya nyuso za wateja. Mtu mwenye haraka angesema ni kwa sababu ya umaskini. Sivyo hata kidogo. Jiko lilikuwa wazi kwa sababu ya kuonja.

Hapa nisikilizeni vizuri. Zamani zile hakuna msafiri aliyekula chakula cha mtu asiyemjua hivihivi. Kila mmoja alikuwa na binamu yake aliyekula ugenini akarudi nyumbani amebebwa. Kwa hiyo sahani ikifika, mpishi anaonja kwanza, palepale, mbele ya macho ya mlaji. Na kuonja kwenyewe hakukuwa kuchovya ncha ya kidole kama mnavyofanya. Ni tonge zima na mchuzi wake. Unameza, halafu unafungua kinywa aone ulimi. Ndipo mgeni ananawa.

Mama Zaina alikuwa na sheria zake. Onja upande wa mlaji, usionje upande wako, kwa maana mwenye nia mbaya hupaka upande mmoja. Usigeuze mgongo. Usipepese macho. Na usionje ukiwa umeshiba: mpishi aliyeshiba huonja kwa huzuni, na mgeni akiona ile huzuni anabeba mzigo wake anakwenda kwa jirani. Kwa sababu hiyo mimi nilishinda na njaa kusudi, bila mlo wangu mwenyewe, mpaka jioni, jikoni, katikati ya vyungu. Mateso hayo hamyajui.

Lakini nilikuwa fundi, jamani. Wenzangu walijua kupika. Mimi nilijua kuonja. Nilifumba macho kidogo, nikavuta pumzi puani, nikatafuna taratibu, nikalamba kidole gumba. Watu wa benchi ya pili waliagiza kwa kuniona tu. Mama Zaina alikuwa akisema, "Muache Mulonda aonje, miye nitaosha vyombo." Nilijisikia sana, sitaficha.

Siku moja akaja Mzungu wa usafi, yule aliyezunguka na kofia ngumu akifunua vyungu vya watu. Akaniona naonja kwa kijiko, kisha kijiko kinarudi chunguni. Uso wake ulibadilika rangi mara mbili. Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika! Nami nilishtuka, kwa sababu niliona anakasirikia kile kitu kimoja kilichofanya watu watuamini. Alipoondoka, Mama Zaina akanifundisha kiganja: unachota kwa mwiko, unamwagia mchuzi katikati ya kiganja bila mwiko kukugusa, unanyonya. Utaungua wiki mbili za kwanza, baadaye ngozi inazoea. Mpaka leo naonja hivyo, na ninyi mfanye hivyo. Yule Mzungu alipiga kelele vibaya, lakini kwa kijiko alikuwa na haki.

Sasa mkate. Kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyechoma mikate ya ngano kwa tanuri la kuni. Wazungu waliingia mlango wa mbele. Sisi tulinunua kwenye dirisha la ubavuni. Alipasua mkate katikati, akaweka sardini na kitunguu kibichi, ukala umesimama. Nasema kwa moyo wangu wote: ule mkate wenyewe sijapata kuuona tena. Ganda lake lililia ukiliminya. Lakini sardini! Samaki mmoja tu, amelala peke yake mle ndani, ukiuma upande wa kulia humkuti, ukiuma wa kushoto humkuti, unamkuta mwishoni mkate umekwisha. Kitunguu ndicho kilichokuwa kingi.

Huyo Mgiriki alisikia sifa za mkono wangu, akaniita nisimame dirishani. Mteja wa kwanza alikuwa mchimba dhahabu, kashuka kwenye kamioni, yaani lori, muda uleule. Nikampa mkate. Akanirudishia.

"Onja kwanza."

Nikauma pembe, nikameza, nikaonyesha ulimi. Akaenda zake ameridhika. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimeshiba sardini mpaka nacheua, na uwanja mzima umejaa watu wanaokula mikate yenye alama za meno yangu. Ndipo Mgiriki akatoka kupunga upepo. Alitazama mkate wa huyu, akatazama wa yule, akanitazama mimi.

"Juu ya nini unakula mukate ya bantu?"

Nikamweleza desturi ya kuuma mkate wa watu. Hakuamini. Wateja wakaitikia kwa pamoja, "Asipouma, bwana, hatuuzi!" Kwetu kuuza ni hata kununua, lakini alielewa. Akachukua mkate mzima kwa mkono wake mwenyewe, akamnyoshea mchimba dhahabu mwingine aliyekuwa amefika sasa hivi. Mchimba dhahabu akarudi nyuma hatua mbili.

"Na miye?" Mgiriki akauliza, sauti imemkauka. "Miye pia munaniogopa?"

"Weye njo wa kwanza, bwana."

Nilidhani tutapigwa sote. Mgiriki alisimama pale na mkate wake mkononi, kinywa wazi, kisha akaingia ndani asitoke mchana kutwa. Kesho yake tulipatana: nikate kichwa cha mkate, kipande chembamba, nikichovye kwenye mafuta ya sardini, nile hicho. Nilidumu kwake siku tisa tu. Alisema ananilisha mimi kuliko mji mzima.

Nilirudi kwa Mama Zaina na fikra moja kichwani. Ule mkate mzuri namna ile, ndani yake mkilala sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ingekuwaje? Mama Zaina alinitazama kama niliyetukana. "Astaghafirullah! Sombe ndani ya mukate?" Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu: mafuta ya mawese yalipita kwenye mkate yakamshukia mteja kifuani, naye alikuwa amevaa shati la kwendea misa. La pili lilikuwa hivyohivyo. Mwishowe nikapata njia, na ninawapa bure. Sombe lipikwe mpaka likauke, likae kwenye mwiko bila kuanguka. Samaki mkavu asagwe humohumo. Kisha kaanga makemba, zile ndizi ndefu za kupika, vipande vyembamba, upange juu na chini, sombe lilale katikati yake, mafuta yasiguse mkate. Pilipili iwekwe mwisho kabisa. Mama Zaina aliuma mara moja, akauma tena, akasema, "Mungu anisamehe." Tangu siku hiyo tuliuza mkate wa sombe kuliko wali.

Na msiniambie kuna kihoteli kilichotushinda. Pilau ya yule mzee wa karibu na msikiti, naikubali, kila punje ilisimama kivyake; lakini alikuwa mchoyo wa nyama. Lituma ya ng'ambo ya mto, kule Alunguli, ndizi zake zilitwangwa laini mpaka nilipanda mtumbwi siku yangu ya kupumzika kwa ajili yake tu, na ningepanda hata leo. Ila huyo mama alichelewesha chakula, ukingoja kwake unazeeka. Kwetu ulikula ukiwa bado unakumbuka njaa iliyokuleta.

Basi, Feza. Mchele wetu ulitoka Kibombo, na aliyeuleta banda kwa banda alikuwa yeye, msichana aliyekaa kwa shangazi yake mtaa wa Mikelenge. Hakuwahi kuniambia neno tamu. Siku ya kwanza aliniangalia naonja akasema, "Unakula sana kwa muntu wa kazi." Nikakosa usingizi. Baada ya mavuno mawili, wajomba zangu walikwenda kwao Feza, Kibombo, na posa, ikapokelewa. Likabaki neno moja, la mama yake. Mwenyewe nilikuwa sijapata kumwona, wala yeye mimi, na ndivyo ilivyopasa. Tena kulikuwa na karani mmoja wa hukohuko Kibombo, mwenye baiskeli na miwani, naye ameleta posa yake nyuma ya yangu, anangoja niteleze. Feza aliniambia wazi: "Mama akisema hapana, nitapelekwa kwa karani. Usifanye upumbavu." Nikaapa.

Mnajua ninyi mkwe ni nini? Naona hamjui. Mama mkwe hukumkaribia. Ukimwona njiani uliingia majanini. Kula mbele yake kulikuwa sawa na kuvua nguo mbele yake, na ukishamwonyesha meno yako yakiwa kazini, hakuna maji ya kuosha hilo. Mwanamume mzima angekufa na njaa siku tatu kuliko kumeza tonge mama mkwe akitazama. Nami kazi yangu ilikuwa kumeza mbele ya kila anayeshuka kwenye garimoshi! Nilikuwa nimelala na hatari hiyo kitanda kimoja miaka yote, sikuiona.

Garimoshi la kusini liliingia asubuhi moja. Akaja mwanamke mrefu, vitenge viwili vipya, kikapu kichwani, akasimama mbele ya jiko langu akilitazama chungu kwa chungu.

"Habari ya hapa?"

"Muzuri, mama. Karibu."

"Munauzisha nini?"

"Wali, samaki, na mukate ya sombe."

"Sombe ndani ya mukate?" Alishtuka mpaka akashusha kikapu. "Nani amefundisha bantu hii?"

"Njo miye, mama. Ukikula hii utasahau safari."

Nikamtengenezea kwa mkono wangu wote, makemba chini, makemba juu. Akaupokea, akaunusa, akanirudishia.

"Onja kwanza, miye nione."

Nikauma. Niliuma vizuri, wajukuu zangu, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa heshima na nilitaka ale. Nikafumba macho, nikatafuna, nikameza.

"Fungua kinywa."

Nikafungua.

"Zaidi. Miye sioni nyuma."

Nikafungua mpaka taya likalia. Akachungulia. Akaridhika nusu.

"Na upande ingine. Sumu inaweza kulala upande moja."

Nikampenda mama huyu! Alikuwa anaijua kazi. Nikaugeuza mkate, nikauma upande wa pili, nikafungua kinywa kabla hajaniambia. Akacheka.

"Weye unakula vizuri. Uko na bibi?"

Bibi kwetu ni mke. Nikamjibu, "Bado kidogo, mama. Ninangojea mama mukwe tu aseme ndiyo."

"Atasema. Muntu mwenye kuuma mukate namna hii, haogopi kintu."

Kwa furaha ya neno lile nikauma mara ya tatu. Hakuniagiza. Niliuma tu, bonge kubwa kuliko yote mawili, mashavu yakajaa.

"Na binti mwenyewe njo wa wapi?"

"Kibombo," nikasema, na sombe mdomoni.

Kicheko chake kilikatika. "Kibombo kwa nani?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Alikwisha kuvuta ncha ya kitenge mpaka kwenye macho. Akasema kwa sauti ndogo, ndani ya nguo, "Weye njo Mulonda?"

Benchi nne zikaacha kutafuna. Hata mafuta jikoni naapa yaliacha kulia. Mimi nimesimama na lile bonge mdomoni: nikimeza, nimekula mbele ya mama mkwe nikiwa namjua, nikitema, nimetema chakula mbele ya mama mkwe. Mama Zaina, ambaye aliyaona yote toka kwenye vyombo, akapiga yowe.

"Meza! Hapana, usimeze! Tema! Hapana, hapana, usiteme!"

Machozi yalinitoka. Nilijaribu kugeuka nikagonga sufuria. Na bila mimi kuamua, koo likajiamulia lenyewe. Bonge lilishuka, na kila mtu pale, mpaka waliokaa benchi ya mwisho, alisikia lilivyoshuka.

Mama mkwe alichukua kikapu chake akaondoka bila kugeuka. Mkate ulibaki juu ya meza, umeumwa mara tatu.

Jioni ileile Feza alikuja akasimama mbali, upande wa barabara. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Uliuma mara ngapi?"

"Tatu."

"Ya tatu alikuambia uume?"

"Hapana."

Alinitazama, nikaona anazuia kitu, hasira au kicheko, mpaka leo hajaniambia. Akasema mama amekataa, mjomba wake ameitwa kutoka Kibombo, na wazee wakikutana ni kwa ajili ya kurudisha posa, kisha yeye atasafiri na mama kwenda kwa karani. Nilijilaza chini nyuma ya banda kama mtu aliyefiwa. Nilimpenda, ninyi! Nilimpenda hata nikiwa nimelala kwenye maganda ya ndizi.

Baba yangu aliteremka kutoka Kama kwa kamioni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomweleza aliketi ardhini, palepale alipokuwa amesimama.

"Ya kwanza ninasikia," akasema. "Kazi ni kazi. Ya pili ninasikia. Ya tatu ilikuwa ya nini?"

"Ya furaha, baba."

Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Tulikutana uani kwa shangazi yake Feza, mchana, wazee wakiwa kwenye viti na mimi kwenye kigogo karibu na ua. Mlangoni kulitundikwa kitenge, na nyuma ya kitenge alikaa mama mkwe, anasikia bila kuonekana. Mjomba wa Feza alisimama. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko matusi.

"Sisi hatukuja kugombana," akasema. "Kama angekanyaga muguu ya mama, tungesamehe. Kama angemuita kwa jina, tungesamehe. Lakini huyu mama ameona meno ya mukwe yake. Ameona ulimi. Ameona mpaka kimeo! Sasa atakaa naye namna gani? Atamuangalia wapi?"

Wazee wetu walitoa kuku wa kuomba radhi. Kuku akakataliwa. Wakatoa kitenge juu ya kuku. Kikakataliwa. Baba yangu alisema kwamba mtoto hakujua. Kutoka nyuma ya kitenge sauti ikajibu, "Ya tatu alijua nini?" Baba akakaa. Nami nilikuwa naona Feza ameshapanda garimoshi, namwona kwa dirisha tu.

Mjomba akaomba wale kwanza, kisha posa irudishwe kwa amani. Ndiyo desturi njema, mambo mabaya yasisemwe na tumbo tupu. Feza akatoka jikoni na bakuli: lituma, na samaki mkubwa wa Lualaba, mzima, na kichwa chake. Kichwa kilikuwa cha mzee kuliko wote, yaani cha baba yangu. Feza alipaswa kupiga magoti, aweke bakuli chini, macho chini, arudi ndani kinyumenyume. Mke mtarajiwa kumwonyesha baba mkwe hata namna anavyomeza mate ilikuwa haramu, kama mimi na mama yake, bila tofauti yoyote.

Akapiga magoti mbele ya baba yangu. Akaweka bakuli chini. Halafu hakuondoka.

Alinyosha mkono, akakivunja kile kichwa cha samaki, akainua uso wake mzima, akamtazama baba yangu machoni na akakiuma.

Shangazi alipiga kelele. Mzee mmoja wa kwetu aliangusha fimbo. Mjomba alisimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nilishika ua kwa mikono miwili nisianguke, na nawaambia kweli, katika maisha yangu nimeona mambo, lakini sijaona jambo la kutisha kama lile. Alitafuna mifupa ile laini kwa sauti, mafuta yakimteremka kidevuni. Kisha akafungua kinywa, akakielekeza kwa baba yangu, amwone mpaka nyuma.

"Mama yangu ameona kimeo ya mukwe," akasema. "Baba naye aone yangu."

Baba yangu alikaa ametumbua macho, mikono juu ya magoti. Nilijua anaweza kusimama akaondoka, na akiondoka yote yamekwisha, hata yule kuku wa radhi hataombwa tena. Mwishowe akamgeukia mjomba, sauti yake imepasuka.

"Huyu mukimurudisha Kibombo, karani atasikia. Nani atamuoa binti mwenye kula kichwa ya samaki mbele ya baba mukwe?"

Mjomba alimtazama Feza, akatazama bakuli, akafuta jasho.

Kitenge cha mlangoni kikatikisika. "Na mutoto yako, baba Mulonda?" ikauliza sauti ya ndani. "Yule mwenye kufungua kinywa mpaka kimeo mbele ya mama mukwe. Nani atamupa binti yake?"

"Hakuna," akasema baba.

"Yangu vilevile, hakuna."

Nilisikia shangazi anaomba Mungu kwa kunong'ona.

"Basi tuwapeane wao kwa wao," akasema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, nikashindwa kujua kama analia au anacheka. "Aibu yote ikae nyumba moja."

Niligeuka kumtazama Feza. Alikuwa bado anatafuna.